Usiku wa mwezi, tambi za mavyaa na matangazo yasiyokwisha



Usiku wa tarehe 29 Ramadhani tulikuwa sebuleni Ilala, macho kwenye televisheni, tukingoja Mufti atoke aseme kama mwezi umeandama au tunatimiza thelathini. Jikoni nazi nne zimeshakunwa. Tambi zimeshavunjwavunjwa, ziko kwenye ungo. Mwezi ukiandama zinaingia motoni usiku ule ule, usipoandama zinafunikwa mpaka kesho. Kila mtangazaji akisema "msiondoke, tunarejea hivi punde", yanaingia matangazo. Kubashiri mpira. Kifurushi cha simu. Mafuta ya kula. Kubashiri tena, lile lile, kwa sauti iliyozidi ya kipindi chenyewe.

Binti yangu, ambaye inshallah anaolewa baada ya Mfunguo Mosi, akachukua rimoti akakata sauti.

"Yanakera haya, mama."

Nikamwambia airudishe. Akanitazama kama mtu aliyepandwa na kitu.

Kumjibu kunataka historia kidogo, ya televisheni na ya hizo tambi, na historia yenyewe imepita ndani ya nyumba hii hii.

Mimi nililetwa Ilala bi harusi mwishoni mwa 1994. Nililetwa na majivuno yangu, na moja katika hayo ilikuwa televisheni. Vijana wengi hawalijui hili, lakini Unguja tulitangulia. Televisheni Zanzibar ilianza 1973, tena ya rangi, wakati nchi nyingi za Afrika zilizokuwa na televisheni zilikuwa bado na picha nyeusi na nyeupe. Tanzania Bara haikuwa nayo kabisa. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona ni anasa, nchi maskini ina mambo ya kutanguliza, na redio inafika kijijini bila umeme wa ukutani. Dar es Salaam wachache waliokuwa na seti walisimamisha antena ndefu juu ya bati, wakazielekeza baharini, wakanasa picha za kwetu.

Miaka ishirini na moja ikapita hivyo. Sheria ya Huduma za Utangazaji ikapitishwa 1993, na 1994 Bara ikapata vituo vya watu binafsi: CTN, DTV, ITV. Televisheni ya serikali yao ilikuja miaka kadhaa baadaye. Kwa hiyo Ramadhani yangu ya kwanza ya ndoa, iliyoingia mwanzoni mwa Februari 1995, ilikuwa pia ya kwanza kwa Dar es Salaam kufunga ikiwa na vituo vyote vile hewani. Mume wangu alinunua seti akaiweka ukumbini, katika nyumba yao ya Kiswahili yenye vyumba sita, watatu kulia, watatu kushoto, na uani nyuma. Jirani walikuja na mikeka yao. Mimi nikakaa pembeni nikitabasamu, mtu wa mjini aliyeyaona yote.

Jambo moja tu sikuwa nimeliona, nalo ni matangazo. Televisheni ya kwetu, ninavyoikumbuka utotoni, ilikuwa taarifa ya habari, hotuba, taarab na maigizo. Tangazo la biashara lilikuwa la kuhesabu. Hawa wa Dar es Salaam walikuwa wanakata mchezo katikati, mtu amenyoosha mkono kufungua mlango, na kabla hatujaona nani yuko nje wanatuletea sabuni.

Kituo cha binafsi hakipewi fungu na serikali. Kinauza dakika, na dakika ya bei ni ile ambayo watu wengi wamekaa pamoja, hawana pa kwenda. Hilo halikuzuliwa Dar es Salaam. Tangazo la kwanza la televisheni linalojulikana lilirushwa New York tarehe 1 Julai 1941, la saa za Bulova, sekunde chache kabla ya mechi ya besiboli. Uingereza ilisubiri mpaka Septemba 1955, wakaanza na dawa ya meno. Ndugu zetu wa Muscat na Dubai wataniambia habari ya Vimto, kinywaji kilichobuniwa Manchester mwaka 1908, ambacho huko Ghuba hutangazwa kila Ramadhani hadi mtoto akadhani kimetajwa na masheikh. Sasa fikiria mji wa Waislamu wengi kama Ilala, robo saa kabla ya Magharibi. Kila mtu yuko nyumbani, ameshika tende, kakodoa macho. Dakika gani ghali kuliko hiyo?

Mavyaa wangu (wao husema mama mkwe), Mzaramo wa Ilala tangu kuzaliwa, alikuwa kinyume changu kabisa. Mchezo ukianza anasinzia. Matangazo yakiingia anafumbua macho, anajiweka sawa kwenye mkeka. Sabuni inayotoa povu, anaitazama. Mafuta ya kupikia na mandazi yanayofura, anayatazama. Bia ikitokea, na miaka ile bia ilitokea sana kwa sababu viwanda vilikuwa vimeanza kushindana, anajifunika uso kwa kanga, na chini ya kanga unasikia: "Imepita?" Tukimwambia imepita, anafunua.

Nilinyanyuka siku moja nikapunguze sauti. "Mama, nipunguze?"

"Acha, mwanangu. Hiyo ndiyo ninayoitazama."

Nilidhani ni ushamba. Nawaambia ukweli, maana humu tumezoea kuambizana. Nilimwandikia dada yangu barua Unguja, nikamcheka mavyaa wangu ndani yake.

Yalinirudi usiku mmoja katika kumi la mwisho. Umeme ulikatika, kulikuwa na mgao. Tukakaa uani na kibatari, yeye juu ya mbuzi anakuna nazi, mimi nachagua mchele, na bila kumuuliza akaanza kunisimulia Iddi ya 1983.

Mliozaliwa juzi mmesikia tu kwamba kulikuwa na "hali ngumu". Vita vya Kagera vilimalizika 1979, hazina imekauka, mafuta ya petroli yamepanda bei duniani, viwanda havina vipuri. Vitu vikatoweka madukani: sukari, sabuni, mafuta ya kula, kanga. Bidhaa ziligawiwa kwa maduka ya kaya, balozi wa nyumba kumi akiwa na orodha yake, na watu wakipanga foleni toka alfajiri. Aliyechoka aliacha jiwe limshikie nafasi. Nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai. Ugali ulikuwa wa unga wa mahindi ya njano ya msaada, ambao watu wa mjini waliuita yanga. Mwaka 1983 serikali, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ikaanza msako wa wahujumu uchumi. Walanguzi walikamatwa kweli, lakini hofu iliwaingia hata wenye vibanda. Watu walitupa mali usiku, ili wasikutwe nayo.

Iddi el-Fitri ya mwaka ule iliangukia Julai, katikati ya msako. Mavyaa alitoka Ilala kwa miguu hadi Kariakoo siku tatu mfululizo kutafuta tambi. Soko jipya lile la miavuli ya zege, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli, lilikuwa na umri wa miaka michache tu, zuri, na vizimba vingi vitupu. Kwenye maduka ya Wahindi aliambiwa hamna. Duka moja mwenyewe alimwambia kwa macho kwamba zipo, na kwa mdomo kwamba hazipo, kwa sababu nyuma ya mavyaa alikuwa amesimama mtu asiyemjua. Alisimama hapo akimbembeleza. "Nilimbembeleza, mwanangu, mtu mzima na kanga zangu, kwa paketi moja ya tambi." Akarudi mikono mitupu.

Asubuhi ya Iddi alikata viazi vitamu vipande vyembamba virefu, akavipika kwa tui na iliki na sukari guru kidogo aliyokuwa ameificha. Akavipakua kwenye bakuli lile lile la tambi. Watoto watano. Wanne wakala. Mtoto wake wa kiume, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, akaangalia bakuli akasema, "Hizi si tambi." Hakula. Mavyaa alikwenda uani, akajifanya anachochea moto.

Mtoto huyo ndiye mume wangu. Mpaka leo hagusi viazi vitamu, na kabla ya usiku ule sikujua kwa nini.

"Sasa wewe unaniuliza upunguze," akasema, bado anakuna. "Zamani sisi ndio tuliokuwa tukiwabembeleza wenye maduka. Leo wao wananibembeleza mimi. Wanaimba, wanacheza, wananionyesha sabuni hii hapa, mafuta haya hapa. Waache wanibembeleze."

Barua ile kwa dada yangu nilitamani niifuate bandarini nikaichane.

Nimesoma baadaye mambo yaliyotokea kati ya 1983 na 1995, na yote yanakwenda na maneno yake. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni waingize bidhaa bila kuulizwa wamezipata wapi. Mwaka 1985 akaja Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye watu walimbatiza Mzee Ruksa, na Kariakoo ikajaa hadi barabarani. Mavyaa alinunua paketi sita za tambi siku moja na akazifungia sandukuni pamoja na doti zake za kanga. Hazikuwa za kula. Alizitaka ziwepo.

Na sasa tambi zenyewe. Kama unatoka kwingine utauliza chakula cha pembeni kina uzito gani hata mtu akalia. Pilau ndiyo inayosifiwa, pilau ndiyo inayoalikiwa watu. Lakini vya pembeni vina nasaba ndefu kwenye pwani hii. Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 alikaribishwa Mogadishu, na hakuishia kuusifu wali wa samli. Aliandika vilivyowekwa kando: ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando na ndimu za achari, tangawizi, maembe. Karibu miaka mia saba, na sinia ya sikukuu bado inapangwa hivyo hivyo.

Tambi ziliingia kwenye sinia hiyo kwa njia ya bahari. Wahindi wana seviyan zao za Iddi. Waarabu wa Ghuba wana balaleet, tambi tamu zinazofunikwa yai. Wasomali wanazo zao. Sisi wa pwani tuliongeza nazi, na jina tukalitoa kwenye utambi wa taa, maana ndivyo zinavyoonekana. (Sizungumzii tambi za dengu za kutafuna na chai, hizo ni hadithi nyingine.) Kwa hiyo hazikuwahi kuwa chakula cha shambani. Tangu mwanzo ni kitu cha dukani, cha meli na cha bandari, na ndiyo maana duka likifungwa zinakuwa za kwanza kupotea.

Kwetu Unguja mama alizipika kavu, zimeachana, sukari kwa mbali, zabibu juu. Mavyaa alizipika za majimaji kidogo, tui zito limezing'ang'ania. Mwaka wa kwanza nilizila kwa adabu tu. Mwaka wa pili niliramba kijiko. Mnaojiandaa kuolewa mtaniuliza vipimo, na hakuna. Unavunja tambi urefu wa kidole. Unazikaanga kwa samli, moto wa wastani, huku unageuza bila kuacha, mpaka ziwe rangi ya mbao ya mninga. Zisipokaangwa vya kutosha zinakuwa uji. Zikipitiliza zinakuwa chungu na hakuna sukari itakayoziokoa. Halafu tui la pili, lichemke, sukari, iliki iliyopondwa muda huo huo, chumvi ya kuonja tu. Yakikaribia kukauka unamimina tui la kwanza, unafunika na kupalia makaa juu ya mfuniko. Siku hizi oveni inafanya kazi hiyo, ingawa harufu haiwi ile.

Muda wa kukaanga mavyaa aliupima kwa matangazo. Msinicheke. Akisikia kipindi kimekatwa anatia tambi kwenye samli, anageuza, na wanaporudi "tunaendelea" anaepua. Alisema saa inadanganya kwa sababu wewe ndiye unayeitazama, lakini wafanyabiashara hawapotezi hata sekunde waliyoilipia.

Mimi nami nilidanganyika mara moja, nisijifanye mjuzi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na tangazo la tambi za haraka za paketi, za dakika chache, mama anacheka, watoto wanacheka, baba anarudi kazini anacheka. Iddi moja nilichelewa nikapika hizo kwa nazi na sukari. Ndani ya paketi kulikuwa na kifuko cha kiungo, na kwa usingizi wa daku nikakimimina chote. Ladha ya ng'ombe na iliki. Mavyaa alikula vijiko vitatu akasema alhamdulillah, ameshiba.

Matangazo yenyewe yakabadilika. Simu zilipoenea, kampuni za simu ndizo zilizotawala skrini, na Ramadhani ikawa msimu wa vifurushi. Tarehe 31 Desemba 2012 Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia, tukanunua ving'amuzi, mwaka uliofuata Azam nao wakaingia, chaneli zikawa hazihesabiki. Nilifikiri chaneli nyingi zitapunguza kero. Ukihama chaneli unalikuta tangazo lile lile limekutangulia. Kisha ikaja hii michezo ya kubashiri, ambayo mavyaa hakuielewa kwa miaka miwili mizima. Alipoeleweshwa kwamba ni kamari, akaiingiza kwenye hesabu ya bia: kanga usoni, "imepita?"

Mara moja tu nilimwona akiyakataa yote.

Usiku wa Jumamosi tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Ilikuwa imebaki siku kama kumi kufika Iddi el-Hajj, vizimba vimesheheni. Moshi tuliuona kutoka barazani. Kesho yake picha zilikuwa kila chaneli: ile miavuli ya zege meusi, maji yanachuruzika, wenye vizimba wamesimama nje ya kamba wakiwa na funguo mkononi. Mavyaa alikuwa ameshapita miaka themanini. Alikuwa akinunua pale tangu hilo jengo halijajengwa, na lilipojengwa alikuwa akishuka shimoni kule kwenye jumla akinunua nazi kwa mafungu. Alitazama bila kusema. Mwanamke mmoja akawa anaulizwa amepoteza nini, akafungua mdomo ajibu, na hapo hapo kipindi kikakatwa, ikaingia nyimbo na watu wanacheza na bidhaa mikononi.

"Zima," mavyaa akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Zima, mwanangu. Yule mama alikuwa anasema."

Iddi ile hakwenda mtu Kariakoo kutoka nyumba yetu. Tambi nilizitoa kwenye sanduku lake. Sio zile sita, zile ziliharibika zamani, lakini tabia hakuiacha, kila mwaka akinunua na kufungia. Zilikuwa paketi nne. Alinisimamia nikizikaanga, na safari hii alihesabu kwa kunong'ona. Alifariki mwaka uliofuata, Mola amrehemu na amlaze pema.

Haya yote sikumwambia binti yangu usiku ule wa mwezi, maana hayaelezeki mtu akiwa ameshika rimoti. Nilimwambia tu, "Rudisha sauti, bibi yako alikuwa anayataka." Akarudisha. Tukamaliza la mafuta, la simu, na lile la kubashiri mara ya tatu. Akatokea mtangazaji, kisha Mufti, akasoma alipoonekana mwezi, wapi na wapi. Nje watoto wa mtaa walipiga kelele kabla hajamaliza sentensi.

Binti akakimbilia jikoni. Nikamsikia anawasha jiko, anafungua kopo la samli.

"Mama, nazitia sasa?"

"Subiri kwanza."

Mufti akashukuru, mtangazaji akashukuru, akasema tusiondoke.

"Yameanza," nikamwambia. "Zitie."